Mche wa Arusha, Mchanga wa Pangani: Kuchagua Mimea ya Bustani ya Pwani

Mtu wa Arusha au Moshi akipata kiwanja Pangani, Tanga au Bagamoyo, mara nyingi hupitia kwanza vitalu vya barabarani vya kwao. Anajaza pikapu miche anayoijua: mgrevilea, mparachichi, jakaranda, waridi, na magunia mawili ya pingili za nyasi za kikuyu. Anashuka nayo kupitia Same, Mombo na Segera, anapanda, anaacha maagizo, anarudi mlimani. Miezi mitatu baadaye mlinzi anapiga simu: miti imeungua. Lawama humwangukia yeye kwamba hakumwagilia. Mara nyingi alimwagilia vizuri tu. Ilikosewa siku miche iliponunuliwa.

Bustani ya pwani haichaguliwi kwa kuangalia ua zuri kwenye kitalu. Huchaguliwa kwa umbali kutoka majini na kwa kile kinachosimama kati ya mmea na upepo. Mti uleule unaweza kufa mita 20 kutoka ufukweni na kunawiri mita 80 nyuma yake, katika kiwanja kimoja, kwa mtunzaji mmoja. Ukilielewa hilo, orodha ya mimea inajipanga yenyewe.

Chumvi mbili, si moja

Wenyeji wa tambarare za Kahe, chini ya Moshi, wanaijua chumvi ya ardhini: ukoko mweupe unaobaki juu ya udongo baada ya maji kukauka, na mazao yanayodumaa hata shamba likiwa limelowa. Chumvi hiyo hushambulia mizizi. Maji yanakuwepo, lakini mmea hauwezi kuyavuta kwa sababu chumvi iliyo nje ya mzizi inayang'ang'ania.

Pwani chumvi hiyo ipo, lakini iko nyingine inayotangulia, nayo huja kwa njia ya hewa. Maji ya bahari yana takribani gramu 35 za chumvi kwa kila lita. Wimbi linapopasuka, matone madogo hurushwa juu na upepo huyabeba hadi nchi kavu. Tone likitua kwenye jani, maji hukauka na chumvi hubaki. Umande wa usiku unaiyeyusha tena ikiwa kali, inapenya kwenye jani kupitia mikwaruzo na vitundu vya kupumulia, kisha inarundikana kwenye ncha na kingo. Ndiyo maana jani la mparachichi wa pwani huanza kuwa kahawia pembezoni na kuelekea katikati, kana kwamba limepitishwa motoni.

Tofauti hii ina uzito, kwa sababu mmea unaweza kustahimili chumvi moja na kushindwa na nyingine. Mkomamanga huvumilia maji ya kisima yenye chumvi kiasi, lakini ukiuweka mstari wa mbele, karibu na bahari, majani yake membamba yataungua. Unaposoma au kuambiwa kwamba mmea fulani "unastahimili chumvi", uliza kwanza: kwa mzizi au kwa jani? Mimea inayostahimili zote mbili ndiyo pekee inayostahili kukaa mbele.

Kwenye kitalu jani lenyewe linakupa dalili. Jani nene lenye nta linalong'aa, jani gumu kama ngozi, jani lenye manyoya mafupi, au jani lililopungua hadi kuwa kama sindano, yote hayo yana ngao. Jani pana, laini na lisilo nene, linaloonyesha mwanga ukiliinua juani, halina. Dalili hii haitoshi kwa kila mmea, lakini itakuepusha na makosa makubwa.

Upepo una majira na upande

Kaskazi huvuma takribani Desemba hadi Machi, na Januari na Februari huwa mkavu na wa joto. Kusi huanza Aprili na kuendelea hadi Septemba au Oktoba, mkali zaidi Juni hadi Agosti. Kwa kuwa sehemu kubwa ya pwani yetu inatazama mashariki, kusi haipigi kiwanja usoni moja kwa moja. Hukipiga kwa mshazari, kutoka kona ya kusini. Wengi hupanda kinga upande wa bahari tu na kuacha ubavu wa kusini wazi, kisha wanashangaa kwa nini kona hiyo haishiki kitu. Kinga inapaswa kukunja kona na kurudi nyuma walau mita 10 kwenye ubavu huo.

Kosa lingine ni ukuta wa matofali. Unaonekana kinga kamili, kumbe upepo unaruka juu yake na kuanguka nyuma kwa kuzungukazunguka, ukivunja matawi na kumwaga chumvi mahali ulipodhani pamefichika. Kinga nzuri hupitisha karibu nusu ya upepo na kuupunguza kasi nusu iliyobaki: uzio wa miti, makuti yaliyosukwa kwa nafasi, au neti ya kivuli iliyofungwa kwenye nguzo imara. Kinga ya aina hiyo hutuliza eneo la hadi mara 10 ya urefu wake. Uzio wa mita 2 unakupa kama mita 20 za utulivu, na sehemu nzuri zaidi ni nusu ya kwanza.

Udongo uliouacha nyumbani

Udongo wa Arusha na Moshi ni wa volkano ya Meru na Kilimanjaro. Unashika maji, unashika mbolea, na husamehe makosa. Mchanga wa pwani haushiki chochote kati ya hivyo: maji hupita, na mbolea uliyomwaga asubuhi huenda nayo. Penye jiwe la matumbawe shida ni nyingine, kwa sababu jiwe hilo ni chokaa. Udongo wake ni wa alkali, mara nyingi pH (kipimo cha tindikali na alkali) 8 au zaidi, na katika hali hiyo madini ya chuma yaliyomo ardhini hujifunga na mzizi hauyapati. Majani machanga yanakuwa manjano huku mishipa ikibaki kijani.

Hapo desturi moja ya bustani za nyumbani hugeuka sumu: kumwaga majivu ya jikoni kwenye mashina. Majivu huongeza alkali. Kwenye udongo wenye tindikali yanasaidia, kwenye matumbawe yanakaza kifungo. Chokaa vivyo hivyo. Kinachosaidia ni mboji na samadi iliyooza, nyingi na kila mwaka. Ikiwa lazima uongeze chuma, omba duka la pembejeo aina ya EDDHA, kwa sababu aina ya kawaida ya EDTA huachia chuma chake haraka katika udongo wa pH hiyo, na fedha yako inapotea.

Kabla ya kununua mche wowote, chukua udongo upimwe. Kituo cha Mlingano cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, kiko wilaya ya Muheza, kinashughulika na udongo, na kwa anayeshuka kwenda Tanga au Pangani kiko upande huohuo wa safari. Chota sehemu tano au sita za kiwanja, kina cha sentimita 0 hadi 30, changanya kwenye ndoo safi, kausha kivulini, kisha toa kilo moja. Omba pH na kiwango cha chumvi hasa.

Kuhusu joto maneno si mengi. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na joto hupungua takribani nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Nyasi za kikuyu, waridi nyingi na maua ya baridi kama haidranjia hutegemea usiku wa ubaridi. Pwani usiku huo haupo, na kumwagilia hakuwezi kuuleta. Anayetoka Moshi, palipo chini zaidi, ana nafuu kidogo tu.

Mstari wa mbele

Anza na sheria, kwa sababu inaamua sehemu ya mbele ya kiwanja chako. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Mikoko nayo inalindwa. Haikatwi bila kibali, hata ikiziba mandhari. Ukanda huo wa mita 60 usiuone kama hasara. Ndio unaokinga bustani yako yote.

Humo, kazi ya kwanza ni kutofyeka. Mara nyingi utakuta tayari kuna mtambaa wenye majani mapana yaliyogawanyika mithili ya kwato ya mbuzi na maua ya zambarau, ambao wataalamu huuita Ipomoea pes-caprae. Fundi wa kusafisha kiwanja ataung'oa kama gugu siku ya kwanza. Mwambie asiuguse. Unashika mchanga kwa mashina yanayotambaa mita nyingi na kuota mizizi kila pingili, nao hauhitaji chochote kutoka kwako. Kama mtambaa huo haupo kiwanjani, kata vipande vya shina vya sentimita 40, zika theluthi mbili kwenye mchanga wenye unyevu wakati wa masika, kimoja kila nusu mita. Mkadi nao unakaa vizuri hapa: una mizizi ya kuegemea kama miguu na majani yenye miiba ambayo chumvi haiyafanyi kitu.

Nyuma kidogo ndipo mahali pa miti ya kinga. Mvinje ndio unaopandwa zaidi, na sababu zipo: hukua haraka, majani yake ya sindano hayaungui, na mizizi yake hushirikiana na vijidudu vinavyonasa naitrojeni ya hewani, hivyo hauogopi mchanga mkavu. Panda mistari miwili iliyopishana, mita 2.5 kati ya mti na mti, na punguza kila wa pili ukifikia miaka minne au mitano. Lakini ujue ubaya wake. Mizizi ni ya juujuu, kwa hiyo mawimbi yakianza kula ukingo huanguka mzima mzima na haushiki mchanga kama watu wanavyoamini. Sindano zinazodondoka hufanya zulia nene ambalo halioti kitu chini yake, na zikikauka hushika moto upesi. Usiupande karibu na nyumba kuliko mita 10, na zaidi ya hapo ikiwa paa ni la makuti.

Kwa mwenye subira, mtondoo ni bora kuliko mvinje. Hukua polepole, lakini jani lake ni nene na la kung'aa, kivuli chake ni kizito, na upepo hauuvunji. Changanya: mvinje mstari wa mbele kwa miaka ya mwanzo, mtondoo nyuma yake kila mita 6, kisha mvinje unaondolewa kidogo kidogo mtondoo ukishika nafasi. Mtakawa, wenye maua yanayochanua njano na kugeuka mekundu kufikia jioni, hujaza sehemu za chini na hukubali kupogolewa kuwa uzio. Mkungu hutoa kivuli kizuri, ila hudondosha majani makubwa kwa mikupuo na mizizi yake huinua sakafu, hivyo uweke mbali na varanda na tangi la maji taka.

Mnazi kila mtu anautaka, na unastahili. Nafasi ni mita 8 hadi 9. Chukua miche kwa wakulima wa eneo lilelile, kutoka minazi mizima, kwa sababu ugonjwa wa kunyong'onyea umeua minazi mingi sana katika pwani ya Tanzania na si busara kusafirisha miche kutoka eneo usilolijua. Mnazi mrefu wa kienyeji huanza kuzaa kati ya miaka 6 na 8. Usiweke juu ya njia, maegesho wala paa. Nazi haichagui pa kuangukia.

Nyuma ya kinga

Hapa ndipo chaguo linapanuka, na hapa miche kadhaa ya kutoka mlimani ina nafasi. Bogenvilia husafiri vizuri kuliko yote: hupenda jua kali, mchanga na kiu kidogo, na kwa kweli huchanua zaidi pwani kuliko Arusha, mradi usiilishe mbolea nyingi. Adeniamu, mshubiri na jamii ya mkonge hazina shida. Oleanda hustahimili upepo na chumvi kiasi cha kukaa hata karibu na mbele, ila kila sehemu yake ni sumu, kwa hiyo isipandwe wanapocheza watoto au wanapopita mbuzi. Mwarobaini unaoota vizuri Moshi utaota vizuri pia mita 60 au 80 kutoka majini. Franjipani hudondosha majani upepo ukizidi, kisha hurudi. Usiukate ukidhani umekufa.

Kwa matunda, mtende unaongoza kwa kustahimili chumvi ya mizizi, ingawa unyevu wa hewa ya pwani huharibu tende kabla hazijaiva vizuri, basi uuchukulie kama pambo. Mkomamanga, mzambarau na mkwaju hufaa nyuma ya kinga. Mwembe na mkorosho viende mbali zaidi, upande wa pili wa nyumba, kwa sababu hata jani likivumilia, ua haliwezi: upepo wa chumvi ukipiga wakati wa maua, huna mavuno. Ndimu na machungwa ni dhaifu kwa chumvi ya maji. Mparachichi uache Arusha. Ni miongoni mwa miti ya matunda inayoumia zaidi na chumvi, na hakuna ulinzi wa bustani ya kawaida utakaoutosha.

Nyasi: ukoka, au paspalamu ya pwani inayotumika kwenye viwanja vya gofu vya kando ya bahari. Panda pingili kila sentimita 15. Mahali ambapo hata ukoka unasitasita, acha mchanga wazi na changarawe ya matumbawe.

Kupanda, na kinachoharibika hapo

Nunua miche midogo, sentimita 30 hadi 45. Mche wa mita moja na nusu unapendeza kwenye picha, lakini una majani mengi kuliko mizizi inavyoweza kulisha, na upepo unautikisa usishike. Anayebeba kutoka Arusha amwagilie miche jioni, aifunike kwa turubai au neti, asafiri usiku. Upepo wa barabara kuu kwenye pikapu iliyo wazi unaweza kukausha majani kabla hujafika Korogwe. Ukifika, usipande siku hiyo. Iweke wiki tatu nyuma ya nyumba penye kivuli hafifu, kisha isogeze kidogo kidogo kwenye jua na upepo.

Wakati mzuri ni mwanzo wa masika, kuanzia katikati ya Machi, kwa sababu mvua huosha chumvi kwenye majani wakati mizizi inatafuta njia. Aliyepanda mwishoni mwa vuli anaukabidhi mche mchanga kwa kaskazi kavu ya Januari.

Shimo liwe sentimita 60 kila upande na kina hichohicho. Penye matumbawe tumia mtaimbo kuvunja hadi chini, kisha mwaga lita 20 za maji. Yakibaki hadi kesho yake, umetengeneza beseni na mizizi itaoza, endelea kutoboa. Chini weka makumbi ya nazi yaliyolowekwa na kusuuzwa kwa maji baridi (yasiyo na chumvi), tabaka la sentimita 10, yashike unyevu. Changanya mchanga uliotoka na ndoo mbili za lita 20 za samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi ina chumvi yake yenyewe, nayo itaunguza. Mbolea ya viwandani usitie shimoni kabisa. Ni chumvi pia.

Udongo mzito wa kitalu cha Arusha una hila moja. Ukiutia kama donge ndani ya mchanga, maji yakimwagwa pembeni hupita kwenye mchanga na kuliacha donge likiwa kavu katikati, au mizizi inazunguka humo humo isitoke. Chana kiriba, papasa donge hadi robo yake ya nje ianguke, kata mizizi inayozunguka, ndipo upande. Funika kwa matandazo ya makuti au majani makavu, sentimita 5 hadi 8, mbali na shina kwa upana wa kiganja. Mwani wa ufukweni ni mbolea nzuri, ila uupitishe kwanza kwenye mvua za wiki kadhaa.

Maji yapime. Kipimo kidogo cha mkononi huonyesha kiwango cha chumvi kwa maikrosimensi: chini ya 700 mimea karibu yote iko salama, kati ya 700 na 3,000 chagua mimea kwa uangalifu, juu ya 3,000 ni ile migumu pekee. Pima tena mwishoni mwa kiangazi, kwa sababu kisima cha pwani kikivutwa sana huvuta maji ya bahari chini kwa chini. Mwezi wa kwanza mpe kila mche lita 10 kila baada ya siku moja, kisha lita 20 mara mbili kwa wiki. Vikombe vya kila siku hulowesha juu tu na kuiacha chumvi palepale kwenye mizizi.

Mche ukianza kuonyesha shida, soma jani kabla ya kuongeza chochote. Kuungua upande unaotazama bahari peke yake ni chumvi ya hewani: imarisha kinga, na suuza majani kwa maji baridi jioni baada ya siku ya upepo mkali. Kuungua pande zote, kukianzia majani ya chini, ni chumvi ya maji au ya udongo: mwaga maji mengi safi kwa mkupuo mmoja yashushe chumvi chini. Manjano yenye mishipa ya kijani kwenye majani machanga ni upungufu wa chuma. Manjano ya majani makongwe yote ni njaa ya naitrojeni, na hapo tu ndipo samadi zaidi ni jibu.

Kama uliweka makuti kuwa kinga ya muda, yaondolewe masika ya pili, kipande kimoja kimoja, ukianzia upande wa nchi kavu. Wakati huo uwanja wa nyuma ya nyumba unakuwa umetulia kiasi cha kupokea mimea ya harufu ambayo pwani inaijua tangu kale: mwasumini kwenye nguzo ya varanda, mrehani kwenye kitalu kilichoinuliwa kando ya jiko, na mlangilangi mmoja, mita 5 kutoka ukuta wa chumba cha kulala, upande ambao kusi haifiki.